Rekodi inaonyesha miaka tisa tu: je, mama aliyekaa nyumbani kulea anunue miaka ya pensheni ya Uingereza?

Swali la msomaji: Nimezaliwa Mei 1967, na sasa nina miaka 58. Kabla ya kuja Uingereza nilifanya kazi miaka minne katika ofisi ya shamba la mkonge Tanga. Mwaka 1996 nilimfuata mume wangu Leicester. Mtoto wa kwanza nilimzaa Februari 1998, wa pili 2000, na kitinda mimba Novemba 2004. Nilikaa nyumbani kuwalea. Mwaka 2016 mama mkwe wangu alipooza upande mmoja, nikamhudumia nyumbani kwetu hadi alipofariki mwishoni mwa Machi 2019. Baada ya hapo nilifanya usafi shuleni kwa miaka mitatu, nikaacha mwaka 2022 kwa sababu ya magoti. Tangu Machi 2023 ninamlea mjukuu wangu, aliyezaliwa Juni 2022, ili binti yangu aende kazini. Juzi mwanangu alinifungulia rekodi yangu ya pensheni kwenye intaneti, tukakuta miaka inayohesabika ni 9 tu. Shoga yangu ananishauri nitoe pesa yangu ya upatu ninunue miaka 3 ili nivuke 10. Mume wangu anasema nisihangaike, kwani pensheni yake itatutosha wote wawili. Uzeeni tunataka kurudi Tanga. Nifanye nini?

Jibu:

Shikamoo mama. Naomba kwanza pesa ya upatu ikae pale ilipo. Sisemi kwamba kununua miaka ni kosa, kwa sababu kwa watu wengi ni matumizi mazuri sana ya akiba. Ninasema hivyo kwa sababu nikiisoma historia yako mwaka kwa mwaka naona kwamba sehemu kubwa ya miaka unayotaka kuinunua, na mingine mingi ambayo hukuitaja kabisa, huenda ni yako tayari bila kulipa hata peni moja, ila haijaandikwa katika rekodi yako. Anayenunua kabla ya kudai huishia kulipia kitu ambacho sheria imempa, na pesa hiyo ikishaingia ni vigumu kuirudisha.

Tuanze na maana ya ile 9. Kwa kuwa umezaliwa baada ya tarehe 6 Aprili 1953, uko chini ya mfumo mpya wa pensheni ya serikali ulioanza tarehe 6 Aprili 2016. Katika mfumo huo mtu huhitaji miaka 10 ya michango ya Bima ya Taifa, yaani National Insurance, ili apate chochote, na miaka 35 ili apate pensheni kamili. Viwango nitakavyotumia hapa ni vya mwaka wa kodi 2025/26, unaoishia tarehe 5 Aprili 2026, na hubadilika kila Aprili. Pensheni kamili kwa mwaka huo ni pauni 230.25 kwa wiki. Kila mwaka unaohesabika ni sehemu moja ya 35, yaani takriban pauni 6.58 kwa wiki, au pauni 342 kwa mwaka, maisha yako yote. Kwa hiyo miaka 9 ni sawa na kutopata kitu, na ninaelewa kwa nini shoga yako aliingiwa na hofu. Ushauri wake ungekufikisha miaka 12, yaani pauni 78.94 kwa wiki, kwa gharama ya pauni 2,737.80. Kwa hesabu za kawaida si biashara mbaya. Lakini kwa mtu mwenye historia kama yako, hapo ungekuwa umeridhika na theluthi tu ya unachoweza kustahili.

Jambo ambalo watu wengi waliokulia nje ya nchi hii hawalijui ni kwamba Bima ya Taifa haiwahesabii wafanyakazi peke yao. Mzazi anayelea mtoto mdogo na mtu anayemhudumia mgonjwa huhesabiwa mwaka kana kwamba amelipa, na bibi anayemtunza mjukuu anaweza kuhesabiwa pia. Hiyo si sadaka wala si msaada wa kuonea haya kuuomba. Mwaka uliohesabiwa kwa kulea una uzito uleule katika pensheni na mwaka wa mtu aliyekwenda ofisini kila asubuhi.

Sasa tazama rekodi yako. Miaka 6, kuanzia 2010/11 hadi 2015/16, imeandikwa yenyewe kwa sababu ulikuwa na mtoto wa chini ya miaka 12 na mlikuwa mkilipwa posho ya watoto, ile ambayo barua huiita Child Benefit. Miaka 3 ni ya kazi yako ya shule, kuanzia 2019/20 hadi 2021/22. Jumla ni 9. Lakini mtoto wako wa kwanza alizaliwa Februari 1998. Je, miaka 12 ya kulea kuanzia 1998/99 hadi 2009/10 imekwenda wapi?

Hapo ndipo ninapotaka uweke nguvu zako zote. Kabla ya Aprili 2010 ulezi ulihesabiwa kwa utaratibu mwingine ulioanza mwaka 1978 na ulioitwa Home Responsibilities Protection, kwa kifupi HRP. Kwa kila mwaka kamili wa kodi ambao mtu alipokea posho ya mtoto wa chini ya miaka 16, alilindiwa haki yake ya pensheni. Kwa watu wanaofikia umri wa pensheni baada ya tarehe 6 Aprili 2010, kama wewe, miaka hiyo iligeuzwa kuwa miaka inayohesabika, hadi kufikia miaka 22. Ilipaswa kuingia yenyewe, lakini kwa wanawake wengi haikuingia, na chanzo chake ni kidogo mno ukilinganisha na hasara iliyosababisha: kabla ya Mei 2000 fomu ya kuomba posho ya watoto haikumlazimisha mzazi kuandika nambari yake ya Bima ya Taifa. Mama akajulikana katika daftari la posho kwa jina na anwani tu, na daftari la pensheni halikuwa na njia ya kumtambua. Ombi lako la mwaka 1998 liliingia katika kipindi hichohicho.

Kuna uwezekano wa pili, na hapa lazima mkae na mume wako mkumbuke vizuri. Huenda ombi la awali lilikuwa kwa jina lake. Katika familia zetu nyingi zilizohamia wakati ule, baba ndiye aliyekuwa na akaunti ya benki na ndiye aliyejua Kiingereza cha fomu, hivyo aliziandika zote kwa jina lake bila nia yoyote mbaya. Ikiwa ndivyo, basi ulinzi ulimwendea yeye, ambaye hakuuhitaji kwa sababu alikuwa akikatwa michango kazini kila mwezi. Sheria inaruhusu uhamishiwe wewe, maadamu mlikuwa mkiishi pamoja, mkimlea mtoto wa chini ya miaka 16, na yeye hauhitaji kwa miaka hiyo. Kwa vyovyote vile, fomu ni moja, CF411, inayopelekwa idara ya mapato, HMRC, kwa intaneti kupitia tovuti ya GOV.UK au kwa posta. Haina malipo. Ukisikia mtu yeyote anajitolea kukujazia kwa ada au kwa asilimia ya utakachopata, mwambie mwanao aliyekufungulia rekodi anatosha.

Unapoijaza, uwe mwangalifu na majina. Nimeona mara nyingi mwanamke mmoja akiwa na majina matatu katika nyaraka zake: jina lake na la baba yake kama lilivyo katika pasipoti ya kwanza, jina lake na la mume baada ya kuja huku, na jina lililokosewa tahajia na karani. Andika yote uliyowahi kutumia na anwani zote ulizoishi tangu 1998, pamoja na majina na tarehe za kuzaliwa za watoto wote watatu. Kama bado una barua yoyote ya zamani ya posho, nambari iliyo juu yake itasaidia sana, lakini kuipoteza si sababu ya kutokudai. Serikali ilianza mwaka 2023 kuwaandikia watu iliodhani wameathirika. Kutopata barua hiyo hakuna maana kwamba hudai kitu, kwani hata orodha ya kuandikia barua ilitegemea kumbukumbu zenye kasoro ileile.

Miaka hiyo 12 ikikubaliwa, utatoka 9 kwenda 21 kwa mara moja. Kwa viwango vya 2025/26 hiyo ni pauni 138.15 kwa wiki badala ya kukosa kabisa.

Nije kwa mama mkwe wako, Mungu amrehemu. Mwaka 2016/17 umehesabiwa nusu tu, kwa sababu kitinda mimba wako alitimiza miaka 12 Novemba 2016 na hesabu ya ulezi ikakoma hapo. Miaka ya 2017/18 na 2018/19 ni mitupu. Miaka hii mitatu huwezi tena kuinunua, kwa kuwa mlango wake ulifungwa tarehe 5 Aprili 2025. Lakini ulikuwa ukimhudumia mgonjwa nyumbani, na tangu Aprili 2010 mtu anayemhudumia mgonjwa au mlemavu kwa saa 20 au zaidi kwa wiki anaweza kuhesabiwa kwa mpango unaoitwa Carer's Credit. Huombwa kwa fomu CC1, katika wizara ya kazi na pensheni, DWP. Kama mama mkwe alikuwa akipata posho ya matunzo ya wazee, Attendance Allowance, hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wako mkuu. Kama hakuwa nayo, utahitaji mtaalamu wa afya au wa ustawi wa jamii athibitishe kwamba kiwango hicho cha huduma kilihitajika.

Hapa nisikupe matumaini makubwa kuliko haki yake. Ombi la namna hii lilipaswa kufika kabla ya mwisho wa mwaka wa kodi unaofuata ule uliohudumia, nawe umechelewa kwa miaka kadhaa. Hata hivyo kanuni zinaruhusu muda zaidi pale ambapo ni jambo la busara kufanya hivyo kwa kuzingatia hali ya mwombaji. Ningekushauri uombe, na uambatanishe barua inayoeleza bila kupamba kwamba hukujulishwa na mtu yeyote kuhusu mpango huo, kwamba ulikuwa peke yako na mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, na kwamba umeomba mara tu ulipojua. Wakikataa, waombe waangalie uamuzi upya. Miaka hii mitatu niiweke pembeni kama jambo linalowezekana, nisiitie katika hesabu ya uhakika.

Mjukuu wako ndiye mwenye habari njema ambayo sidhani kama kuna aliyekuambia. Tangu tarehe 6 Aprili 2011, bibi, babu au ndugu mwingine anayemtunza mtoto wa chini ya miaka 12 ili mzazi wake afanye kazi anaweza kuhesabiwa michango. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuuelewa. Binti yako anapokea posho ya mtoto, kwa hiyo kila wiki anahesabiwa mchango kama mlezi. Lakini yeye yuko kazini na anakatwa Bima ya Taifa kwenye mshahara, kwa hiyo hesabu hiyo ya ulezi haina kazi kwake. Sheria inamruhusu akuhamishie wewe. Yeye hapungukiwi na chochote, wala posho yake haiguswi. Fomu ni CA9176, na nyote wawili mnaitia sahihi. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa kwa wiki, na ombi linaweza kurudi nyuma kwa miaka iliyopita, ila kwa kila mwaka inabidi msubiri hadi tarehe 31 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kumalizika, ili idara iweze kuhakikisha kwamba binti yako mwenyewe ametimiza mwaka wake kwa kazi.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, posho ya mtoto huzaa hesabu moja tu hata kama watoto ni wawili au watatu, kwa hiyo kama bibi wa upande wa baba naye humchukua mtoto siku fulani, kubalianeni mapema ni nani atakayehamishiwa. Yeye pengine amekwisha timiza miaka yake, au amefikia umri wa pensheni, na hataihitaji. La pili, binti yako lazima awe ameomba posho hiyo. Baadhi ya vijana wenye mishahara mizuri hawaiombi, kwa sababu mzazi mmoja akipata zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka huanza kuirudisha kwa njia ya kodi. Anaweza kuiomba na papo hapo kuchagua asilipwe, ili haki ya michango ibaki hai.

Umemlea mtoto huyu kwa mwaka mzima wa 2023/24 na mwaka mzima wa 2024/25. Hiyo ni miaka 2, inayokufikisha 23. Tena hiyo ndiyo miwili kati ya ile mitatu ambayo shoga yako alitaka uinunue kwa pauni 907.40 kila mmoja. Na mjukuu hatatimiza miaka 12 hadi Juni 2034, ilhali wewe utafikia umri wa pensheni, ambao kwa waliozaliwa mwaka 1967 ni miaka 67, mnamo Mei 2034. Kuanzia 2025/26 hadi 2033/34 kuna miaka 9. Ukiendelea kumtunza na binti yako akaendelea na kazi, yote 9 inaweza kuandikwa kwa jina lako, nawe utafika 32. Na ile miaka mitatu ya mama mkwe ikikubaliwa, utatimiza 35 kamili, na pesa ya upatu bado itakuwa mkononi mwako.

Ninafahamu kwamba maisha hayaendi kama karatasi inavyosema. Mtoto ataanza shule, binti yako anaweza kuhama mji au kuacha kazi. Ndiyo maana ninakuomba mjaze ile fomu kila mwaka muda wake unapofika, msiirundike hadi 2034 wakati kumbukumbu zimefifia.

Sasa ununuzi. Mwaka pekee uliobaki ambao hauna njia ya bure ninayoiona ni 2022/23, ulipoacha kazi kwa ajili ya magoti. Hata huo, kabla ya kuulipia, jiulize kama ulidai posho yoyote ya ugonjwa au Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, katika kipindi hicho, kwa kuwa nazo huleta hesabu ya michango. Angalia pia kama rekodi inaonyesha wiki chache zilizolipwa kabla hujaacha, kwani hapo pengo huwa dogo na bei yake hupungua. Ukiwa mtupu kabisa, bei yake kwa viwango vya 2025/26 ni pauni 17.75 kwa wiki, yaani pauni 923 kwa mwaka mzima. Ukiulipia, utazirudisha pauni hizo katika miaka mitatu hivi ya kupokea pensheni, na baada ya hapo ni faida. Lakini kwa kawaida mtu ana miaka sita ya kulipia pengo, kwa hiyo mlango wa 2022/23 hautafungwa hadi tarehe 5 Aprili 2029. Hakuna sababu ya kukimbia. Subiri majibu ya CF411 na CC1, kisha tazama umebakiwa na pungufu kiasi gani. Ukiona ombi la mama mkwe limekataliwa, basi nunua 2022/23 ukiwa na moyo mweupe, kwa sababu hapo utakuwa na hakika kwamba kila pauni inaongeza kitu. Michango ya hiari hairithiwi wala hairudishwi mtu akifariki kabla ya kustaafu, na hii ni sababu nyingine ya kutotanguliza malipo miaka mingi kabla ya wakati.

Hukuniambia kama unapika au kushona kwa biashara, lakini akina mama wengi walioko nyumbani hufanya hivyo, na ni vizuri ulijue hili kama ulezi wa mjukuu utakoma mapema. Mtu aliyejiandikisha kuwa amejiajiri, hata kama anauza sambusa na vitumbua vya harusi tu, na faida yake haifiki pauni 6,845 kwa mwaka, anaweza kulipa mchango wa hiari wa daraja la pili wa pauni 3.50 kwa wiki. Hiyo ni pauni 182 kwa mwaka, na unapata mwaka uleule ambao aliyekaa bila kazi analipia pauni 923. Faida ikivuka kiwango hicho, anahesabiwa mwaka bila hata kulipa mchango huo. Biashara lazima iwe ya kweli na iwe na hesabu zilizoandikwa. Vilevile, ukipata kibarua chepesi kwa mwajiri mmoja kinacholipa pauni 125 au zaidi kwa wiki, mwaka wako unahesabika hata kama hukukatwa chochote kwenye mshahara.

Mume wako ana nia njema, lakini maneno yake ni ya sheria iliyopita. Katika mfumo wa zamani mke aliyeolewa aliweza kupata takriban asilimia 60 ya pensheni ya msingi kwa kutumia michango ya mume, na wazee waliostaafu kabla ya 2016 bado wanaishi hivyo, ndiyo maana habari hiyo haijafa katika mazungumzo ya misikitini na harusini. Kwako wewe haipo. Kila mtu anajengewa pensheni na rekodi yake mwenyewe. Na hata mkiwa na mapenzi mema kiasi gani, pensheni ya mwanamume aliyefariki chini ya mfumo mpya kwa kawaida haimwendei mjane, isipokuwa sehemu fulani ndogo inayotokana na michango ya kabla ya 2016. Mwambie kwa upole kwamba unajitafutia chako ili usije ukabaki mikono mitupu siku atakapotangulia yeye.

Miaka yako minne ya ofisi ya mkonge, nasikitika, haiingii katika hesabu ya huku. Uingereza haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Tanzania, kwa hiyo michango ya nchi moja haihesabiwi katika nyingine. Ulichochangia kule, kama hukukichukua, ukifuatilie kule kwa NSSF, iliyorithi kazi ya mfuko wa akiba wa wakati ule.

Kukosekana kwa mkataba huo kunagusa pia ndoto yenu ya Tanga, na hili ningependa mlizungumze kabla ya kuuza kiti hata kimoja. Pensheni ya serikali ya Uingereza italipwa popote mtakapoishi, hata katika akaunti ya benki iliyoko Tanzania. Lakini kwa anayehamia Tanzania, na ndivyo ilivyo kwa Kenya na Uganda pia, kiasi hugandishwa. Ukianza kupokea ukiwa Tanga kwa pauni 210 kwa wiki, itabaki pauni 210 mwaka hadi mwaka, wakati walioko Leicester wanaongezewa kila Aprili. Ukirudi kuishi Uingereza hupandishwa hadi kiwango cha wakati huo, na ukiondoka tena huganda tena. Hii haiondoi thamani ya kujaza mapengo. Kwa maoni yangu inaiongeza, kwa sababu kiasi utakachoondoka nacho ndicho utakachozeeka nacho.

Tena ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, Pension Credit, ambayo kwa viwango vya 2025/26 huinua kipato cha mtu aliye peke yake hadi pauni 227.10 kwa wiki na cha mume na mke hadi pauni 346.60, hailipwi kwa anayehama nchi. Anayepanga kubaki Uingereza kwa kipato kidogo sana anapaswa kujiuliza kama mwaka atakaoununua utamezwa tu na kupungua kwa nyongeza hiyo. Mwenye nia ya kurudi nyumbani hana nyongeza ya kumeza kitu, ana pensheni yake peke yake.

Kwa hiyo mpangilio wako uwe huu. Wiki hii kaa na mume wako mkumbuke posho ya 1998 ilikuwa kwa jina la nani, kisha mwanao ajaze CF411. Wakati huohuo mwambie binti yako achapishe CA9176, muombe miaka miwili iliyokwisha kamilika pamoja. Fomu ya mama mkwe iende na barua yake. Hifadhi nakala ya kila kitu, na uandike tarehe uliyotuma. Rekodi ikisharekebishwa, ndipo uwapigie Future Pension Centre, kituo cha serikali cha ushauri wa pensheni, uwaulize swali moja mahususi: nikiulipia mwaka 2022/23, pensheni yangu itaongezeka kwa kiasi gani? Wakikutajia kiasi na ukaamua kulipa, hakikisha umepewa nambari ya kumbukumbu yenye tarakimu 18 na kwamba umeiandika sawasawa benki, kwa sababu malipo yasiyo na nambari hiyo yanaweza kukaa muda mrefu bila kujulikana ni ya nani. Baada ya hapo ingia tena kwenye rekodi yako, uone kwa macho yako kwamba mwaka huo umeandikwa kuwa umetimia.